Chibalonza na Mapenzi ya Madhabahuni

Gari la abiria linalotoka Bukavu kwenda Uvira lina njia mbili, na kila moja ina kero yake. Ya kwanza inavuka mto Ruzizi na kukata kipande cha Rwanda. Lami ni nzuri, ila kuna karatasi za mpaka na foleni. Ya pili inabaki upande wa Kongo, inapita Nyangezi, kisha inashuka Ngomo, kwenye magenge ambako dereva anapiga honi kila kona na abiria wanaacha mazungumzo. Njia hizo zinakutana Kamanyola. Kuanzia hapo milima inabaki kulia, joto linapanda, na barabara ya taifa namba 5 inanyooka katikati ya mihogo, mahindi na mpunga: Luvungi, Bwegera, Luberizi, Sange, Kiliba, hadi Uvira kwenye Ziwa Tanganyika.

Luberizi ni senta ya barabarani. Ina soko, ina kambi ya jeshi inayojulikana nchi nzima, ina makanisa kila upande. Na kama zilivyo senta zote za bonde hili la Ruzizi, ina vijana wenye meza, kompyuta kuukuu na betri ya sola, wanaojaza nyimbo kwenye kadi za simu. Mteja haji na orodha ya majina. Anasema tu, "Niwekee za kuabudu," na kijana hana haja ya kuuliza zaidi. Kwenye folda hiyo yumo Rose Muhando, yumo Christina Shusho wa Kigoma, yumo Solomon Mukubwa, zimo korale za Uvira na za Bujumbura. Na yumo mwanamke mwenye sauti nzito, anayeimba taratibu kabisa. Jina lake kwenye faili limeandikwa kila namna, mara Chibalonza, mara Shibalonza, mara Cibalonza kama Washi, watu wa Bukavu, wenyewe wanavyoliandika. Ni Angela Chibalonza, mtoto wa Bukavu, aliyefariki Septemba 2007 na ambaye mpaka leo hajawahi kutoka kwenye folda ile.

Niseme mapema jambo ambalo baadhi ya wachungaji hawatalipenda: Chibalonza alikuwa mtunzi wa nyimbo za mapenzi. Alichobadilisha ni mpenzi.

Chukua "Uliniumba Nikuabudu". Jina la wimbo tayari ni sentensi ya mtu anayeongea na mwingine ana kwa ana, na wimbo mzima unabaki hapo hapo. Hakuna mahubiri ndani yake. Hakuna Nuhu na safina, hakuna Sodoma, hakuna vidole vinavyonyooshewa walevi na wazinzi. Anayekumbuka nyimbo za kwaya za Kiswahili za miaka ya 1980 na 1990 ataelewa ukubwa wa badiliko hilo. Kwaya zile, za Tanzania hasa, ambazo kaseti zake zilivuka ziwa kwa boti na kuuzwa Uvira na Bukavu, zilikuwa hodari wa hadithi. Zilisimulia Biblia kisa kwa kisa, zikaonya, zikataja magonjwa na vita vya dunia kuwa dalili za mwisho, na mara zote zilituelekea sisi wasikilizaji. Tulikuwa wanafunzi, wao walimu. Chibalonza aliacha kutuelekea. Aliimba kama mtu aliye peke yake chumbani na anayempenda, na sisi tumesimama mlangoni tunasikia.

Hiyo ni tabia ya rumba, na hakuna ajabu mtu wa Kongo kuwa nayo. Wimbo wa rumba wa kawaida una sehemu mbili. Kuna mwanzo wa pole pole, ambapo maneno yanaimbwa, jina la mpenzi linatajwa na kurudiwa, malalamiko yanatolewa. Kisha inaingia sebene, magitaa yanachukua nafasi, maneno yanaisha na miguu inaanza. Makanisa ya Kongo yaliuchukua mpangilio huo jinsi ulivyo na kuupa majina mengine. Kuabudu ni ule mwanzo, kusifu ni sebene. Ibada nzuri ya Jumapili, Bukavu au Luberizi, inajua lini kubaki kwenye ya kwanza na lini kuiachia ya pili. Waimbaji wengi wana haraka ya kufika kwenye sebene, kwa sababu ndipo watu wanaposimama na vitambaa vinapopepea. Kipaji cha Chibalonza kilikuwa kubaki. Aliweza kukaa kwenye ile sehemu ya kwanza dakika nyingi, akaivuta silabi ya mwisho ya neno hadi waitikiaji wakaipokea, akalirudia neno lile lile kwa uzito mwingine, bila kukuchosha.

Ili kuona alivyotunga, mahali pazuri pa kusimama ni "Ebenezer". Jina linatoka kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 7, pale nabii anaposimamisha jiwe baada ya vita na kulipa jina kwa ukumbusho wa msaada uliowafikisha Israeli hapo. Mtunzi wa kwaya ya zamani angetusimulia vita vyote na Wafilisti. Chibalonza anaviacha vita na kuchukua jiwe peke yake. Wimbo unatazama nyuma kwenye umbali uliotembewa, unatazama mahali miguu ilipo sasa, na unatoa hitimisho. Ni hivyo tu. Lakini sikiliza anavyoitumia nafsi. Anaanza kwa wingi, sisi tuliotoka mbali, kisha bila kutangaza chochote anahamia kwenye umoja, mimi niliyefika leo. Kanisa zima linaanza wimbo pamoja, na likifika katikati kila mtu amebaki peke yake na safari yake. Ndiyo maana watu hulia kwenye wimbo huo hata kama haujataja msiba wowote. Mtunzi hakuwaambia walie kwa ajili ya nini. Aliwaachia nafasi, na kila mmoja anaijaza.

Ni utunzi wa maneno machache, na hapo ndipo wapinzani wake wanapomshika. Utawasikia wazee wa korale wakisema kwamba nyimbo za namna hii hazina mafundisho, kwamba mtu anarudia mstari mmoja mara kumi na kuuita upako. Kwa waigaji wake, lawama hiyo ni ya haki. Vijana wengi waliomfuata walichukua marudio wakaacha ufundi, na leo ibada inaweza kwenda nusu saa juu ya maneno mawili na kinanda kilichoshikilia noti moja. Kwake yeye lawama hiyo ni bure. Kurudia kwa Chibalonza kulikuwa na ngazi. Mara ya kwanza anakupa habari, mara ya pili anakubali mwenyewe alichokisema, mara ya tatu anashukuru. Ukitaka kasoro, itafute kwenye studio. Ngoma za mashine na vinanda vya miaka ile ya mwanzo wa karne zimezeeka vibaya, na nyimbo zake za haraka, nikisema ukweli, zinafanana na za watu wengine wengi. Za taratibu hazifanani na za mtu.

Swali ambalo limekuwa likinisumbua ni kwa nini mtunzi wa namna hii alitokea kanisani na si kwenye bendi. Kongo haikukosa wanawake wenye sauti. Abeti Masikini, mzaliwa wa Kisangani, aliimba kwenye ukumbi wa Olympia, Paris, mwaka 1973. M'Pongo Love na Mbilia Bel walitikisa Afrika nzima katika miaka ya 1970 na 1980. Lakini angalia nani aliyeshika kalamu. "Ndaya", wimbo maarufu wa M'Pongo Love, ulitungwa na Mayaula Mayoni, mwanamume. Nyimbo kubwa za Mbilia Bel nyingi zilipita mkononi mwa Tabu Ley. Kulikuwa na desturi nzima ya wanaume wa Kinshasa kutunga malalamiko ya mke aliyeachwa, mke mwenza, mwanamke anayengoja mlango ufunguliwe alfajiri; wakati mwingine waliyaimba wenyewe, wakati mwingine walimpa mwanamke ayaimbe. Ni nyimbo nzuri mno. Ila huzuni ya mwanamke ilikuwa inaandikwa na mtu mwingine. Pwani nako, Siti binti Saad alishafungua mlango tangu aliporekodi Bombay mwaka 1928, na bado kwenye taarabu mashairi mengi ya mapenzi yaliyoimbwa na wanawake yalitoka kwa malenga wa kiume.

Sasa mfikirie msichana wa Bukavu mwenye kipaji cha kutunga, miaka ya 1980. Baa ina jukwaa, lakini baa ina sifa mbaya ambayo ingemfuata hadi mlangoni kwa wazazi. Kanisa lina jukwaa pia. Tangu miaka ya 1920 wamisionari Wapentekoste wa Uswidi na Norwei walipanda makanisa kuanzia Uvira na milima ya juu yake hadi Bukavu, na jumuiya zilizozaliwa hapo, CEPAC na CELPA, ndizo kubwa mpaka leo. Ni ulimwengu huo huo uliomtoa daktari Denis Mukwege, ambaye baba yake alikuwa mchungaji Mpentekoste mjini Bukavu. Katika makanisa haya mimbari ilikuwa ya wanaume kwa miaka mingi. Mikrofoni ya nyimbo haikuwa na mwenyewe. Mwanamke asiyeruhusiwa kuhubiri aliruhusiwa kuanzisha wimbo, na anayeanzisha wimbo, kwa Mwafrika yeyote anayejua ibada, ndiye anayeamua ibada inaelekea wapi. Wanawake wa Kivu walijifunza kutunga humo, na hakuna aliyewauliza nani aliwaandikia.

Bukavu yenyewe ilikuwa mji wa kutungia nyimbo za masikitiko. Wabelgiji waliuita Costermansville na kuujenga juu ya peninsula tano zinazoingia Ziwa Kivu, nyumba nzuri za mapumziko zikitazama maji, huku wafanyakazi wakipandishwa milimani Kadutu na Bagira. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda waliujaza hadi ikawa hakuna uwanja mtupu. Oktoba 1996 vita viliingia, na tarehe 29 mwezi huo Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa mjini humo. Agosti 1998 vita vingine vikaanza. Watu waliondoka kwa makundi, kwenda Bujumbura, Kigoma, Kampala, Nairobi. Anayesikiliza "Ebenezer" akiwa hajui historia hii anasikia wimbo wa shukrani. Mtu wa Kivu anayesikia mtajo wa umbali uliotembewa anaona barabara yenyewe, na magodoro juu ya vichwa.

Chibalonza alihamia Kenya na kuolewa na Elisha Muliri, Mkongo mwenzake, mchungaji na mwimbaji. Nairobi aliyoingia ilikuwa inawajua Wakongo tangu zamani. Miaka ya 1970 Baba Gaston alifika kutoka Lubumbashi kwa kupitia Dar es Salaam, Super Mazembe wakafika, Les Mangelepa wakajitenga na Baba Gaston mwaka 1976, Samba Mapangala akaja, na baadaye akaunda Virunga yake hapo hapo. Walikuwa wanaume wa bendi, na mlango wao ulikuwa kilabu cha usiku. Kizazi cha Chibalonza kilileta gitaa lile lile kupitia mlango wa kanisa. Wakenya waliokuwa wakicheza "Kasongo" ya Super Mazembe Jumamosi usiku walikutana na mdundo wa ukoo mmoja Jumapili asubuhi, na sidhani kama walishangaa kwa nini miili yao inaujua.

Lugha nayo ilimsaidia. Kiswahili cha mtaani Bukavu kina njia zake, na Mmombasa akikisikia sokoni Kadutu atahitaji siku kadhaa. Lakini Kiswahili cha ibada kinakaribiana sana, kile cha Biblia na cha vitabu vya nyimbo, kutoka Lamu hadi Kalemie. Chibalonza alitunga kwa lugha hiyo. Lafudhi ilibaki ya Kongo, na hiyo ikawa sehemu ya ladha. Mwimbaji wa Kinshasa anayetunga kwa Kilingala hakuweza kufika Mombasa kwa njia hiyo. Isitoshe, kwa mtu wa Kivu Kinshasa iko mbali, hakuna barabara ya maana ya kwenda huko, na nyimbo za Kiswahili zinazosikika Luberizi hutoka mashariki: Nairobi, Dodoma, Kigoma. Mtoto wa Bukavu ilibidi aende Nairobi ndipo asikike Luberizi, ambako kutoka nyumbani kwao ni kushuka mlima tu.

Kuna wimbo mmoja kwenye kazi zake ambao hakuutunga, na unamweleza pengine kuliko alizotunga. "Kaa Nami" ni tenzi ya Henry Francis Lyte, kasisi wa Kianglikana aliyeiandika akiwa mgonjwa wa kifua na kufariki mwaka 1847. Sauti yake inayojulikana iliwekwa na William Henry Monk mwaka 1861. Waingereza huiimba kwenye mazishi na, kwa mila ambayo sijawahi kuielewa vizuri, kabla ya fainali ya Kombe la FA. Wamisionari waliileta, wafasiri wakaipa Kiswahili kinachotiririka, na watu wetu wameiimba kwa miaka mingi kwa mwendo wa kanisa la Ulaya, wima, silabi kwa silabi. Chibalonza aliilegeza. Alivuta pumzi pale Monk hakuweka pumzi, akachelewa kidogo nyuma ya mdundo, na ombi la kasisi yule mgonjwa likawa la mwanamke anayeomba asiachwe peke yake usiku. Maneno hayakubadilika, lakini wimbo ukahama bara.

Ndivyo unavyoimbwa kwenye vilio vya bondeni. Kwetu kilio kina usiku kucha. Wanaume wanakaa nje kwenye viti vya kukodi, kuzunguka moto. Wanawake wako ndani au chini ya hema la turubai, mikekani, wafiwa katikati wakiwa wameegemea ukuta. Kuanzia saa mbili mpaka saa nne za usiku kuna wageni, kuna neno la mchungaji, kuna michango inayosomwa. Baada ya hapo wageni wanapungua, chai inaisha, na inaingia ile sehemu ngumu ya usiku ambapo mtu anaweza kuusikia msiba wake vizuri. Hapo ndipo mmoja anasema kwa sauti ya chini, "Mama, tuanzishie." Mama anayeombwa hana kinanda cha kumpa sauti. Anaguna kidogo kupima koo lake, anaanza chini kabisa, kwa sababu anajua wenzake wamelia tangu asubuhi na sauti za juu zimekauka. Nyimbo za Chibalonza zinafaa saa hizo kwa sababu hii ya kawaida kabisa: yeye mwenyewe aliziimba chini. Soprano wa korale akizianzisha juu, mstari wa pili unavunjika.

Na bonde limekuwa na vilio vingi kuliko sehemu yake. Tarehe 2 Julai 2010, hapo Sange, lori la mafuta lilipinduka na kulipuka jioni, wakati watu wengi wamekusanyika kwenye vibanda kuangalia Kombe la Dunia. Waliokufa walizidi 200. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014, Mutarule, jirani kabisa na Luberizi, watu wenye silaha waliwashambulia wanakijiji na kuua wasiopungua 30. Wengi walikuwa kwenye ibada ya nje, wakiomba na kuimba, na askari walikuwa kilomita chache kutoka hapo. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu. Desemba ya mwaka huo vita viliteremka bondeni hadi Uvira, na maelfu wakavuka Ruzizi kwenda Burundi. Sitasema kwamba nyimbo zilimponya mtu katika haya. Nasema tu kwamba zilikuwepo, na kwamba waliotoka Mutarule wakiwa hai walikuwa na sababu ya kuogopa kuimba hadharani na bado wanaimba.

Mchanganyiko huu wa mapenzi na madhabahu si wa Wakongo peke yao. Fanny Crosby, Mmarekani aliyekuwa kipofu tangu utotoni, aliandika maneno ya tenzi zaidi ya 8,000 kabla ya kufariki mwaka 1915, na baadhi tunaziimba kila wiki bila kujua kwamba ni zake, "Usinipite Mwokozi" ikiwemo. Kabla ya tenzi, miaka ya 1850, Crosby alikuwa akiandika nyimbo za majonzi ya mapenzi na mtunzi George Root, nyimbo za vijana waliopoteza wachumba, zilizouzwa kwa wingi kwenye nyumba zenye piano. Alipogeukia tenzi hakuacha alichojifunza. Kuomba usipitwe na mtu unayemtamani ni hisia iliyokuwa tayari mkononi mwake. Phoebe Knapp, rafiki yake, alimletea sauti ya kinanda mwaka 1873, na Crosby akaipa maneno papo hapo. Tunaijua kwa Kiswahili kama "Ndiyo Dhamana". Wanawake wawili, mmoja wa noti na mmoja wa maneno, katika nchi ambayo wakati huo hata kura hawakuwa nayo. Sioni tofauti kubwa kati ya sebule yao na kanisa la mabati la Kadutu.

Nairobi ilimpa Chibalonza soko. Kaseti zikawa CD, CD zikawa video zenye bustani, chemchemi na mavazi yaliyoshonwa kwa kitambaa kimoja. Redio za Kenya zilimpiga, mabasi ya usiku ya Mombasa na ya Kampala yalimpiga, na jina lake likaanza kurudi nyumbani kupitia malori na wafanyabiashara wa Uvira. Mwaka 2007 alikuwa juu kabisa. Septemba ya mwaka huo ajali ya gari kwenye barabara kuu ya Mombasa na Nairobi ikayakatisha maisha yake. Ni barabara ambayo imewamaliza wengi, yenye malori ya bandarini usiku na mchana, na anayeimba Pwani akiwa anakaa Nairobi mara nyingi huipita. Miezi mitatu baadaye Kenya ikaingia kwenye uchaguzi wa Desemba 27 na machafuko yaliyoua zaidi ya watu 1,000. Nyimbo za mtu aliyekwisha kuzikwa zikawa zinapigwa kwa taifa lililokuwa linazika.

Kuhusu pesa, sina cha kusema kirefu. Mtunzi anayepigwa kwenye kilio Luberizi, kwenye harusi Sange na kwenye basi la Kigoma halipwi, akiwa hai wala baada. Vijana wa meza na kompyuta hawana hatia kubwa. Nao wanatafuta faranga za chakula. Kinachoniudhi zaidi ni wale wenye studio na majina wanaorekodi upya nyimbo zake, wanabadilisha kinanda, na kwenye maelezo ya video wanaandika "wimbo wa kale wa kuabudu", kana kwamba umeota wenyewe porini. Si wa kale. Una mtunzi, naye ana jina. Kuandika herufi kumi za jina lake hakugharimu kitu.

Wenzake na waliokuja baada yake wamekwenda njia mbalimbali. Christina Shusho alichukua utulivu na mazungumzo ya ana kwa ana. Rose Muhando alikwenda upande mwingine kabisa, upande wa ngurumo, akarudisha zile hadithi za kwaya na akazichezesha. Huko Kinshasa marehemu Marie Misamu, aliyefariki Januari 2016, alilia kwa Kilingala kwa namna ambayo Chibalonza angeitambua. Bondeni, kila korale ina dada mmoja anayetunga. Anatunga akiwa shambani au akitwanga, anakuja mazoezini Jumamosi na wimbo kichwani, anawaimbia wenzake mara tatu, na mpiga solo anamtafutia ufunguo kwenye gitaa lenye nyaya tano. Asilimia kubwa ya nyimbo hizo hufa mwaka huo huo. Hiyo ni kawaida ya utunzi mahali popote. Zinazobaki ni zile za taratibu, na ukizisikiliza vizuri utamsikia mwanamke wa Bukavu akigeuka kutoka sisi kwenda mimi.

Harusini mambo ni tofauti. "Ebenezer" imeingizwa kwenye orodha ya nyimbo za kumpokea bibi harusi, na wapiga vyombo, kwa kuona watu wamekula na kushiba, wanaikatisha baada ya ubeti mmoja na kuiachia sebene. Besi inaongezwa mpaka bafle inakoroma. Mashangazi wanatoka na vitenge vya sare, wanashika viuno, na wimbo wa mtu aliyetoka mbali unachezwa mpaka vumbi la bonde linapanda. Mimi naona ni kuuharibu. Wimbo ule ulitungwa ili usiwe na haraka. Mashangazi wa Luberizi hawakubaliani nami hata kidogo, na ukumbini wao ndio wenye kura.